Namna ya Kuamua Kama Tovuti Yako Inahitaji JavaScript

Mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na bahari, yenye vyumba vinane na baraza moja ya kulia chakula, alinipigia simu akitaka atengenezewe tovuti, na kabla sijauliza lolote akanieleza kwamba mpwa wake aliyeko chuoni amesisitiza ijengwe kwa React. "Kijana wangu, hiyo unaiweza?" aliuliza. Nilimjibu kwamba naiweza, kisha nikamwuliza: "Mzee, mgeni akifungua tovuti yako akiwa safarini ndani ya basi, anataka kufanya nini?" Alifikiri kidogo, akasema mgeni atataka kuona vyumba, kujua bei, kujua kama nafasi ipo, kulipa, na kufika bila kupotea. Katika jibu hilo hapakuwa na React wala JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya simu ya msomaji na ambayo React imejengwa juu yake, na ndiyo sababu ninalitumia kama mfano wa mwongozo huu, ambao unahusu swali moja tu: utajuaje kwamba ukurasa unaoutengeneza unahitaji JavaScript kweli, na utajuaje kwamba unaitia kwa mazoea?

Nimeichagua JavaScript kwa sababu, kwa uzoefu wangu, ndiyo teknolojia inayoingia kwenye tovuti bila kubisha hodi kuliko nyingine yoyote. Seva, yaani kompyuta inayowatumia wasomaji kurasa, na hifadhidata hulipiwa kila mwezi, kwa hiyo mteja huuliza zinafanya kazi gani. JavaScript hailipiwi na mwenye tovuti. Hulipiwa na msomaji, kwa bando lake, kwa betri yake na kwa muda wake, na msomaji hana mahali pa kuihoji ankara hiyo.

Haja kwanza, bila jina la teknolojia

Hatua ya kwanza hufanywa kwenye karatasi. Andika kila jambo ambalo mtumiaji atalifanya kwenye tovuti kwa sentensi yenye mtu na kitendo: mgeni anaona picha za chumba, mgeni anachagua siku ya kufika, mhudumu anabadilisha bei. Sentensi yoyote yenye jina la teknolojia ndani yake, au yenye maneno kama "ya kisasa" na "yenye mvuto", iandikwe upya hadi mtu na kitendo vionekane. Mtu akikuambia kwamba anahitaji picha zinazojipitisha zenyewe juu ya ukurasa, hiyo si haja bali ni suluhisho, na ukimhoji utakuta kwamba anachokitaka ni mgeni aone aina tatu za vyumba kabla hajachoka. Haja hiyo ina majibu mengi, na mengi kati yake ni mepesi kuliko picha zinazojipitisha, ambazo aghalabu humkimbia msomaji kabla hajamaliza kuitazama ya kwanza.

Inafaa kukumbuka kwamba Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliitangaza tovuti ya kwanza kwa umma mwaka 1991, akiwa kituo cha utafiti cha CERN, miaka minne kabla JavaScript haijakuwepo. Brendan Eich aliandika toleo la awali la JavaScript kwa siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kutengeneza kivinjari, na kazi zake za mwanzo zilikuwa ndogondogo, kama vile kukagua fomu kabla haijasafirishwa kwenda kwenye seva kwa waya wa simu uliokuwa wa polepole. Viungo na fomu zilikwishakuwepo. Kusoma, kutazama, kufuata kiungo, kujaza na kutuma ni vitendo ambavyo wavuti ilivijua kabla ya JavaScript, na sentensi ya karatasi yako inayotumia vitenzi hivyo pekee haina sababu ya kukupeleka huko.

Chombo dhaifu kinachotosha

Mwaka 2006 jopo la usanifu la W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, lilichapisha kanuni inayosema kwamba kazi ifanywe kwa lugha dhaifu kuliko zote zinazoiweza. Katika kutengeneza tovuti, kanuni hiyo inakupa mpangilio wa kuuliza: je, HTML, lugha ya kuandika yaliyomo kwenye ukurasa, inatosha peke yake? Ikishindwa, je, CSS, lugha ya kupanga mwonekano, itamalizia? Ikishindwa hiyo, je, seva inaweza kutengeneza ukurasa ukiwa tayari na jibu? Ukifika mwisho bado huna jibu, hapo ndipo JavaScript inapoingia, na inaingia ikiwa na kazi inayojulikana.

Anayeisikia kanuni hiyo kwa mara ya kwanza huidhania ni ya ubahili. Msingi wake ni namna lugha hizi zinavyokosea. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kikikutana na alama ya HTML kisichoijua, huiruka na kuonyesha maneno yaliyomo ndani yake. Kikikutana na agizo la CSS kisilolielewa, huliacha na kuendelea na linalofuata. JavaScript haina uvumilivu huo. Bano moja lililosahaulika, au neno jipya la lugha ambalo kivinjari cha simu ya zamani hakilijui, linatosha kuifanya skripti nzima ikataliwe, na chochote kilichoitegemea kisitokee. Kwa hiyo kila kitendo unachokihamisha kutoka HTML kwenda JavaScript unakitoa mahali ambapo kosa hupunguza uzuri wa ukurasa na kukiweka mahali ambapo kosa huacha ukurasa mtupu.

Uzito nao haufanani hata pale namba zinapofanana. Picha ya kilobaiti 200 ikishafika kwenye simu huchorwa na mambo yakaisha. Skripti ya kilobaiti 200 ikishafika bado haijaanza kazi: lazima ifunguliwe, isomwe, igeuzwe kuwa maagizo ya prosesa, kisha iendeshwe, na wakati inaendeshwa ukurasa hauwezi kuitikia kidole. Kwenye kompyuta yako ya kazini tofauti hiyo huioni. Kwenye simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, mtumiaji hubonyeza kitufe, haoni kitu, hubonyeza tena, na mara ya tatu hufunga.

Tuiendee nyumba ya wageni chumba kwa chumba

Mzee alitaka maswali ya wageni yawekwe kwa namna ambayo jibu hujificha hadi swali liguswe. Watengenezaji wengi hukimbilia maktaba ya JavaScript, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, kwa kazi hiyo, ilhali HTML ina alama zake, na vivinjari vyote vikubwa vimeielewa kazi hiyo tangu mwaka 2020:

    <details>
      <summary>Bei ya chumba inajumuisha nini?</summary>
      <p>Kifungua kinywa, maji ya kunywa na chandarua.</p>
    </details>

Mistari hiyo inafunguka na kufungika yenyewe, inafanya kazi kwa kibodi, inatambuliwa na programu zinazowasomea ukurasa watu wasioona, na kwenye kivinjari kikongwe kisichoielewa jibu huonekana wazi muda wote, jambo ambalo halimdhuru yeyote.

Picha za vyumba hazikunichukua muda. Zilipangwa kwa safu inayotelezeshwa kwa kidole, kazi ambayo CSS inaiweza, na sifa ya loading="lazy" kwenye picha za chini ikatosha kuzizuia zisipakuliwe kabla mgeni hajazikaribia. Kilichopunguza uzito kuliko vyote ni kuzipunguza picha zenyewe, kwa sababu zilikuja zikiwa na ukubwa uleule zilivyotoka kwenye kamera.

Ramani ilikuwa na mtego. Kuipachika ramani inayosogezwa ndani ya ukurasa humlazimisha kila mgeni kupakua skripti za ramani, hata yule aliyekuja kuangalia bei tu. Sentensi ya karatasini ilisema "mgeni anafika bila kupotea", na mgeni aliye barabarani hapotei kwa kukosa ramani ndani ya tovuti, kwa sababu simu yake ina programu ya ramani. Niliweka picha ndogo ya njia kutoka kituo cha daladala, maelezo ya maneno kwa kutumia msikiti na mnazi pacha ambao kila dereva wa bodaboda anaujua, na kiungo cha kawaida kinachofungua programu ya ramani kwenye eneo lenyewe. Mazungumzo na mhudumu yalikwenda njia hiyohiyo: kiungo kinachoanza na wa.me na kufuatwa na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha mbele, humpeleka mgeni moja kwa moja kwenye WhatsApp ya mapokezi, na lile dirisha la gumzo linaloelea pembeni ya ukurasa likawa halina kazi.

Tarehe ndizo zilizonifundisha zaidi. Fomu ya kuhifadhi chumba huuliza siku ya kufika na siku ya kuondoka, na HTML inayo sehemu ya kuingiza tarehe inayofungua kalenda ya simu yenyewe, tena inaweza kukataa tarehe zilizopita. Isichokiweza ni kulinganisha sehemu mbili, yaani kumzuia mgeni asiandike siku ya kuondoka iliyo kabla ya siku ya kufika. Nilikuwa nimekwishaanza kuandika JavaScript ya kulinganisha nilipojiuliza kwa nini tunamwuliza mgeni jambo ambalo anaweza kulikosea. Nikabadilisha swali: siku ya kufika, na idadi ya usiku atakaolala. Idadi haiwezi kuwa chini ya moja, na hilo HTML inalisimamia. Siku ya kuondoka inahesabiwa na seva. Haja ya JavaScript ilitoweka bila kutafutiwa mbadala, kwa sababu ilizaliwa na umbo la swali. Tangu siku hiyo, kabla sijaamua kwamba teknolojia inahitajika, huchunguza kama ninaweza kuuliza vinginevyo.

Ukaguzi wa kwenye kivinjari, uwe wa HTML au wa JavaScript, ni wa kumsaidia mgeni asipoteze muda. Hauilindi seva. Mtu yeyote anaweza kutuma ombi kwenye seva yako bila kupitia fomu yako, kwa hiyo seva lazima ikague kila kitu upya, na kazi hiyo utaifanya hata ukiwa na skripti elfu. Mtu akikuambia anahitaji JavaScript "kwa ajili ya usalama wa fomu", mwulize tena.

Kalenda ya nafasi zilizo wazi ikawa jedwali linalotengenezwa na seva, likiwa na kiungo cha mwezi uliopita na kiungo cha mwezi unaofuata. Mwenzangu katika kazi hii alinicheka akisema ni mambo ya mwaka 2000. Ni kweli, na ukurasa huo unafunguka haraka kuliko wake.

Malipo, mahali ambapo jibu si jepesi

Mgeni hulipa kwa simu. Seva hutuma ombi kwa mtoa huduma wa malipo, kisanduku kinatokea kwenye simu ya mgeni, anaweka namba ya siri, kisha mtoa huduma huijulisha seva kwamba malipo yamefanikiwa au yameshindikana. Sehemu kubwa ya mzunguko huo hauhusiani na kivinjari hata kidogo, na ni muhimu ibaki hivyo: funguo za siri unazopewa na mtoa huduma hazina budi kukaa kwenye seva, kwa sababu chochote kilichoandikwa ndani ya JavaScript ya ukurasa husomeka na yeyote anayejua kubonyeza sehemu ya kuangalia msimbo. Nimewahi kuziona funguo za aina hiyo zikiwa wazi ndani ya skripti ya duka moja la mtandaoni, zimeandikwa kwa herufi kubwa.

Tatizo ni zile sekunde za kusubiri. Mgeni ameshaweka namba ya siri, anarudi kwenye ukurasa, na ukurasa haujui kilichotokea hadi uulize. HTML ina jibu la kizamani: mstari mmoja unaouagiza ukurasa ujifungue upya kila baada ya sekunde tano hadi seva iseme malipo yamefika. Jibu hilo linafanya kazi, na kwa ukurasa wenye kilobaiti chache halina gharama kubwa. Hata hivyo ukurasa huruka machoni kila unapojifungua, na programu inayomsomea asiyeona huanza tena kusoma kutoka juu, jambo linaloudhi wakati mtu ana wasiwasi wa fedha zake. Hapa JavaScript ina kazi halali: skripti fupi inaiuliza seva kimyakimya, kisha inabadilisha neno moja, kutoka "Tunasubiri" kuwa "Yamepokelewa".

Niliziweka zote mbili. Ukurasa huja ukiwa na kitufe cha "Angalia malipo yangu", ambacho ni kiungo cha kawaida kinachorudi kwenye ukurasa huohuo, na skripti ikifanikiwa kuanza hukificha kitufe hicho na kuichukua kazi yake. Vilevile namba ya uhifadhi imo ndani ya anwani ya ukurasa, na hali ya malipo imo kwenye seva, wala haimo kwenye kumbukumbu ya skripti. Simu yenye kumbukumbu ndogo, mgeni anapotoka kwenda kusoma ujumbe wa uthibitisho, inaweza kuutupa ukurasa uliokuwa wazi, na anaporudi kivinjari huupakua upya. Kama hali yote ilikuwa ndani ya JavaScript, mgeni aliyekwisha kulipa huonyeshwa fomu tupu inayomwomba alipe.

Ndiyo namna ya kuifikiria JavaScript pale unapoihitaji kwa kiasi: jenga kwanza njia inayofika bila hiyo, kisha iongeze juu yake. Fomu iwe na anwani halisi ya kutumwa, kiungo kiwe na mahali halisi kinapokwenda, na skripti ije kuvirahisishia. Wengine hudhani njia ya chini ni kwa ajili ya watu wachache walioizima JavaScript kwa makusudi. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya Serikali ya Uingereza ilipima jambo hilo kwenye tovuti ya serikali na kukuta kwamba asilimia 1.1 ya watembeleaji hawakuipata JavaScript. Walioizima au wenye vivinjari visivyoiweza walikuwa asilimia 0.2 tu, na asilimia 0.9 walikuwa na vivinjari ambavyo vilipaswa kuiendesha lakini havikuiendesha. Mtandao hukatika katikati ya upakuaji, ofisi huzuia anwani fulani, faili moja hufika na lingine halifiki. Anayesafiri kwa basi kati ya miji miwili ya kwetu, mnara mmoja ukimwachia mwingine, hahitaji kuelezwa.

Kuna pia vivinjari vinavyofanya kazi kwa namna yao. Opera Mini, ambayo wengi wameitumia kubana bando, katika hali yake ya kubana sana huendesha JavaScript kwenye seva zake kwa muda mfupi, kisha hukutumia ukurasa uliokwisha kutayarishwa na kubanwa. Chochote kinachotegemea skripti iendelee kuishi ndani ya simu hakifanyi kazi kama ulivyokusudia.

Mahali inapohitajika bila ubishi

Nisieleweke kwamba JavaScript ni anasa. Ipo kazi ambayo mpangilio ule wa maswali hukufikisha kwake kwa haki. Muuza duka anayeingiza bidhaa ishirini na kutaka jumla ibadilike papo hapo mteja akiwa mbele yake hawezi kusubiri seva kila mara. Msajili anayekwenda vijijini kusikokuwa na mtandao anahitaji ukurasa unaofunguka bila mtandao na kuyatunza majina hadi atakaporudi mjini, na uwezo huo hutokana na skripti ambayo kivinjari huihifadhi na kuiendesha pembeni, kwa sharti kwamba tovuti iwe kwenye HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa. Kuchora, kuhariri sauti, kuandika waraka mmoja watu wawili kwa wakati mmoja, kusogeza ramani ambayo ndiyo kazi yenyewe ya tovuti: yote hayo ni yake.

Ninao mfano mmoja ninaoupenda kwa sababu JavaScript inaokoa bando badala ya kulila. Fomu inayomtaka mtu apige picha ya stakabadhi na kuipakia hupokea picha za megabaiti kadhaa kutoka kwenye kamera za siku hizi, ilhali anayezisoma anahitaji tu maandishi yaonekane. Skripti fupi inaweza kuipunguza picha ndani ya simu kabla haijaondoka, na mtumaji akatuma sehemu ndogo ya uzito wa mwanzo. Ukiwa na mstari wa JavaScript unaomlipia msomaji gharama yake na chenji ikabaki, usisite.

Maktaba na fremuweki ni uamuzi mwingine

Kukubali JavaScript si kukubali React, na watu wengi huunganisha maamuzi hayo mawili kama kwamba ni moja. jQuery, maktaba ya JavaScript iliyotolewa na John Resig mwaka 2006, ilitibu ugonjwa wa kweli: vivinjari vya wakati ule havikuelewana, na agizo lililofanya kazi kwenye kimoja lilivunjika kwenye Internet Explorer. Ugonjwa huo umeisha kwa kiasi kikubwa, na Internet Explorer 11 yenyewe iliondolewa kwenye huduma mwezi Juni 2022. Hata hivyo bado nakutana na tovuti mpya zinazobeba kilobaiti zipatazo 30 za jQuery zilizobanwa ili kufungua menyu moja. Hoja ya zamani kwamba "tayari imo kwenye simu ya msomaji kutoka tovuti nyingine" nayo haisimami: tangu mwaka 2020 Chrome hutenga akiba ya kila tovuti, na faili lililopakuliwa ukiwa tovuti moja hupakuliwa tena ukiwa nyingine.

React ilitolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, na kuielewa haja yake angalia ukurasa wa Facebook: ujumbe mmoja ukiingia, namba juu ya skrini hubadilika, orodha ya mazungumzo hubadilika, dirisha la gumzo hubadilika, na vyote lazima vikubaliane. Swali la kujiuliza ni hili: jambo moja likibadilika kwenye tovuti yangu, ni sehemu ngapi za skrini zinapaswa kubadilika kwa wakati huohuo bila ukurasa kufunguliwa upya? Zikiwa moja au mbili, mistari ishirini ya kawaida inatosha na utaielewa hata baada ya mwaka. Zikiwa kumi, na zinategemeana, basi fremuweki kama React itakupunguzia makosa, na uzito wake unastahili. Katika nyumba ya wageni zilikuwa moja.

Kila maktaba unayoiongeza huja na jamaa zake. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye ghala la npm, ambako watengenezaji huchukua vifurushi vya JavaScript, kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa, mingi kati yake ikiwa ya watu wasiojua hata kwamba waliitumia. Wenye kazi kubwa wanao watu wa kuamka usiku kwa ajili ya mambo hayo. Nyumba ya wageni ina mhudumu mmoja wa zamu.

Kupima kabla ya kukabidhi

Ukishaamua, hakiki uamuzi wako. Zima JavaScript kwenye mipangilio ya kivinjari, kisha upite kwenye karatasi yako ya mwanzo sentensi kwa sentensi ukijaribu kila kitendo. Vitendo vinavyokwama bila sababu ya msingi vimewekwa mahali pasipo pake. Iwashe tena, tumia zana za watengenezaji za kivinjari kupunguza kasi ya mtandao na ya prosesa, na urudie. Baada ya hapo azima simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani, ile ambayo bibi au mdogo wako anaitumia, ujaribu ukiwa nje ya Wi-Fi. Kipimo hicho kimenipa aibu zaidi ya mara moja.

Kisha jitumie kiungo cha tovuti kwa WhatsApp. WhatsApp inapotengeneza kile kisanduku chenye picha na kichwa cha habari, husoma HTML kama ilivyotoka kwenye seva, haisubiri skripti. Kama kichwa na maelezo huandikwa na JavaScript, kisanduku hutoka kitupu au chenye jina lisilo na maana, na kwa biashara ambayo wateja wake hupeana viungo kwenye magrupu ya familia na ya kazini, hiyo ni hasara ya kila siku. Nilijifunza hilo kwa tovuti ya shule moja niliyoijenga yote kwa JavaScript miaka ya mwanzo ya kazi yangu: tangazo la nafasi za kidato cha kwanza lilisambazwa kwa wazazi likiwa na neno "Inapakia" badala ya jina la shule.

Hatua ya mwisho ni daftari. Kwenye folda ya tovuti huweka faili la maandishi matupu, na kila skripti ina mistari yake mitatu: inamsaidia nani kufanya nini, ukurasa unafanya nini isipokuwepo, na tarehe niliyoiweka. Skripti isiyo na mistari hiyo haipandi kwenye seva, hata kama imetoka kwa mtu wa matangazo anayesema ni "mstari mmoja tu", kwa maana mstari huo mmoja huita mingine usiyoiona. Kila baada ya miezi sita hulifungua faili na kuuliza kama haja ingalipo.

Daftari la nyumba ya wageni lilianza na skripti tatu: ya malipo, ya kuonyesha jumla ya gharama mgeni anapobadilisha idadi ya usiku, na ya kuhesabu waliotembelea tovuti. Ya tatu niliiondoa mapitio ya kwanza, kwa kuwa kumbukumbu za seva zilimpa mzee hesabu aliyoitaka, na hesabu yenyewe, aliniambia, alikuwa akiisoma mara moja kwa mwezi akisubiri chai.